Mstari Mtupu wa Ijumaa

Emil Vavrina alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda cha mahabusu, kofia yake ya kampuni ya mbegu magotini, kalamu mkononi. Kalamu hiyo ndiyo iliyomsimamisha naibu sherifu Marlys Hruska mlangoni.

"Mzee Emil, nani kakupa kalamu?"

"Bosi wako. Kaniletea pamoja na hii." Akamsukumia karatasi. "Watu wa korongo. Nikiwauzia bonde la majani la mtoni, watamwandikia hakimu anihurumie."

Marlys aliisoma akiwa amesimama. Ilikuwa barua fupi, yenye picha ya korongo juu na jina la Kituo cha Elm Bend. Ilimtaka mzee atie sahihi kabla ya saa sita mchana, Jumapili ile ile, maana saa sita angefika ofisa wa serikali kuu kutoka Lincoln, mji mkuu wa jimbo, kumchukua. Kumuua korongo mweupe, ndege adimu anayelindwa na serikali kuu, hakukuwa kosa la kaunti. Chini palikuwa na jina la Verna Tiedtke, kiongozi wa vibanda vya kutazamia ndege.

"Usitie sahihi."

"Nina ng'ombe kumi na wanne hawajazaa, binti. Jirani yangu Leroy anawaangalia, na Leroy hajui ndama atokee mbele au nyuma. Nikipelekwa Lincoln nani ataingiza mkono?"

"Ulimpiga yule ndege?"

"Nilisema nitampiga."

"Sikukuuliza ulisema nini."

"Nasema hivyo kila Machi tangu mwaka themanini na sita! Watu wa Chicago wanakuja kutazama ndege, wanaegesha magari langoni kwangu, trekta haipiti. Nasema nitawapiga korongo, na wao nitawapiga. Baba yako naye alisema ataacha sigara. Aliacha?"

"Bunduki huwa unaiweka wapi?"

"Nyuma ya kiti cha pikapu."

"Na pikapu unaifunga?"

Mzee alimtazama kana kwamba ameulizwa kama huwa anaufunga upepo kwa kufuli.

"Ijumaa jioni ulikuwa wapi?"

"Kwenye samaki." Ilikuwa Kwaresima, na kila Ijumaa ya Kwaresima mji mzima wa Brenner ulikula samaki wa kukaanga katika ukumbi wa kanisa, Wakatoliki kwa imani na Walutheri kwa njaa. "Niliingia saa kumi na moja, nikatoka saa moja na nusu. Vipande saba. Muulize padri, alinihesabia."

"Pikapu ilikuwa nje?"

"Ulitaka niingie nayo mezani?"

"Na jana alfajiri?"

"Nyumbani, peke yangu. Tangu Blanche afariki, alfajiri zangu zote ni za peke yangu. Ndiyo maana niko humu." Akaigeuza kalamu vidoleni. "Kesho nilikuwa nitie sahihi kwa watu wa changarawe. Wachimbe bonde, wanilipe, nipumzike na magari ya Chicago. Sasa naona nitatia sahihi leo, kwa watu wengine."

Marlys akaichomoa ile kalamu mkononi mwake na kuitia mfukoni mwa koti.

"Sasa ni saa mbili na robo. Nipe mpaka saa sita."

Sherifu Ostergren alikuwa mezani kwake akila andazi la jamu ya plamu aliloletewa Emil na dada yake.

"Leo Jumapili, Marlys. Nenda kanisani. Risasi imetoka kwenye bunduki yake, shamba ni lake, mdomo ni wake. Watu kumi na wawili walikuwa kibandani, wakaona korongo elfu ishirini wakiruka kwa mpigo. Mwalimu Verna kasikia mlio."

"Wageni wangapi walisikia?"

"Kwa makelele yale? Nani angesikia?"

"Mwalimu kasikia."

"Mwalimu alikuwa anasikia tukitafuna peremende nyuma ya darasa. Umesahau?"

"Sijasahau. Na hilo andazi si lako."

Upepo ulikuwa umeanza Alhamisi na haukuwa umepumzika. Uliipiga gari ya Marlys ubavuni njia nzima, ukiburuta majani ya mahindi barabarani kama karatasi. Pande zote mbili, katika mashamba yaliyovunwa, korongo wa kijivu walikuwa wakiokota punje, maelfu kwa maelfu, wakiinua vichwa, wakirukaruka, wakigombana. Hapakuwa na kiumbe kilichotulia kaunti nzima.

Daktari Kip Lindquist alimfungulia mlango wa zahanati ya mifugo akiwa na macho mekundu.

"Usinigombeze. Jana nimezalisha ndama tisa. Ndege wako nimemgusa leo saa kumi na moja alfajiri."

Korongo mweupe alikuwa juu ya meza ya chuma, miguu ikining'inia nje kwa sababu meza ilikuwa fupi. Hata akiwa mfu alikuwa mkubwa kuliko mtoto wa darasa la pili.

"Risasi iliingia hapa kifuani," Kip alisema. "Nionyeshe damu."

Marlys aliinama. Manyoya kuzunguka tundu yalikuwa meupe, yameungua kidogo tu.

"Hakuna."

"Hakuna. Ni kama umepiga nyama iliyotoka kwenye jokofu. Sasa pita upande huu." Alilifunua bawa la kushoto. Chini ya ngozi palikuwa peusi, pamevimba damu, na mfupa ulikuwa umekatika. Akaigeuza shingo, ikalegea pale isipopaswa kulegea. "Hapa ndipo alipokufia. Alikuwa hewani, kwa mwendo wa kasi, akagonga kitu chembamba kisichosogea."

"Waya."

"Mimi ni daktari wa ng'ombe. Lakini ndiyo, waya."

"Lini?"

"Sherifu anasema jana saa moja na dakika ishirini asubuhi. Aliletwa hapa saa nne, macho yameshakauka na kuzama. Muda wa saa tatu haufanyi kazi hiyo. Mimi nasema Ijumaa mchana, au jioni."

"Kwa hiyo mtu kampiga risasi ndege aliyekufa."

"Kampiga kwa karibu, akamlaza shambani kwa Emil." Kip akanawa mikono kwa kelele. "Niambie mjinga gani anafanya hivyo."

Marlys alitoa simu na kumwonyesha picha aliyoipiga shambani Jumamosi, kabla ndege hajaguswa. Alikuwa amelala katikati ya mistari ya mabua, miguu imekunjwa chini ya tumbo, mabawa yamebanwa ubavuni, shingo imerudishwa nyuma na kichwa kimeingizwa chini ya bawa.

"Ndege aliyepigwa risasi huanguka hivi?"

"Huanguka kama mwavuli uliovunjika."

"Mwindaji humlaza hivi?"

"Mwindaji humshika miguu akamtupa nyuma ya gari." Kip aliikaribia picha. Kisha, bila kuambiwa, akachukua taulo iliyokuwa kwenye sinki, akaikunja, akaikumbatia kwapani kwa mkono wa kushoto, wa kulia ukishika shingo ambayo haikuwepo na kuirudisha nyuma polepole. Wakatazamana.

"Darasa la saba," alisema Kip. "Somo la kumshika ndege."

"Miguu kwanza, halafu mabawa, halafu shingo."

"'Ili asijivunje na asikuvunje.' Mungu wangu. Nilikuwa nimesahau kwamba najua."

"Umepita wewe, nimepita mimi, sherifu amepita. Nusu ya kaunti imepita darasa lile."

"Emil hakupita. Emil ni mkubwa kuliko mwalimu mwenyewe."

"Hilo limepunguza mmoja," Marlys alisema, akavaa glavu. "Waya za umeme ziko wapi karibu na mto?"

"Daraja la kusini. Hakuna pengine."

Saa tatu na nusu alikuwa chini ya daraja la kusini, upepo ukimvua kofia. Alitembea kwenye nyasi kavu chini ya nyaya, hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi, jinsi alivyofundishwa kutafuta ganda la risasi. Mara ya sita aliona unyoya uliokwama kwenye mchongoma, mrefu kama mkono wake mpaka kiwiko, mweusi mtupu. Korongo mweupe ni mweupe kote isipokuwa ncha za mabawa. Hatua mbili mbele akakuta manyoya mengine mawili, na majani yaliyolala kana kwamba kitu kizito kilipumzishwa hapo. Akapiga picha, akatia unyoya mmoja mmoja kwenye mfuko wake, akaandika saa.

Simu ikalia.

"Emil anadai kalamu yake," alisema sherifu.

"Mwambie naitumia."

"Marlys, yule mtu wa Lincoln keshatoka nyumbani kwake. Una nini?"

"Nina ndege aliyekufa mara mbili. Na nina mtu wa Chicago mwenye tope kwenye viatu."

Hilo la tope alilibeba tangu jana. Kutoka maegesho hadi kibandani kulikuwa na njia ya mbao. Mgeni huingia gizani, saa kumi na mbili kasoro robo, kwa mwanga mwekundu usiowashtua ndege. Hukaa kwenye benchi, hunong'ona, na hatoki mpaka korongo wa mwisho aondoke mtoni. Hakuna wa kuruhusiwa, hata akiugua. Watu kumi na wawili walitoka pale Jumamosi na viatu vikavu, isipokuwa Stanley Przybyl, mstaafu wa posta, ambaye viatu vyake vilikuwa na udongo wa mto mpaka kwenye vifundo.

Alimkuta kwenye moteli akifunga begi. Darubini mbili zilikuwa kitandani, zimefungwa kwenye soksi. Alikuwa mtu mnene mwenye masharubu meupe, na alipoona beji akakaa chini bila kuambiwa.

"Unaondoka mapema, Bwana Przybyl. Uliandikisha usiku nne."

"Mke wangu ana homa."

"Nimempigia mke wako. Hana homa. Yuko kwenye mashindano ya kurusha tufe, na anashinda."

Masharubu yakatetemeka.

"Nilitazama viatu vyako jana," Marlys alisema. Hakukaa. Alizunguka chumba, akagusa begi, akafungua pazia, akalifunga. "Hakuna tope kwenye mbao. Ulitoka kibandani. Ulikwenda wapi, na ulibeba nini?"

"Afande, nikikuambia, itabidi umwambie nani?"

"Inategemea umemuua nani."

"Chama chetu cha ndege kule nyumbani... wakijua, sitapanda basi la safari tena. Nimeweka akiba ya safari hii tangu nilipokuwa na nywele."

"Bwana Przybyl."

Akateremsha sauti, mle mle chumbani ambamo walikuwa wawili tu.

"Nilitoka korongo wakiwa bado mtoni."

Alilisema jinsi watu wengine wanavyokiri kuchoma nyumba.

"Kufanya nini?"

"Kuna ndoo, nyuma ya pazia. Ndiyo choo. Wanawake sita kibandani, afande, na pazia lenyewe fupi kama aproni! Miguu yako yote inaonekana, na mlio... Nilivumilia saa nzima. Halafu nikafungua mlango mdogo wa nyuma, nikashuka ukingoni." Akajifuta uso. "Na hapo hapo wakaruka. Wote, kwa mara moja, mpaka ardhi ikatetemeka. Mwalimu anasema ni bunduki. Si bunduki, afande. Ni mimi. Niliwarusha mimi kwa kibofu changu, nikanyamaza, nikaacha mzee wa watu afungwe."

Marlys aliacha kuzunguka kwa mara ya kwanza asubuhi ile.

"Ulisikia bunduki?"

"Hapana."

"Ulikuwa nje. Ukuta haukukuziba."

"Nilisikia zipu yangu mwenyewe. Bunduki ningeisikia."

"Uliona nini?"

"Niliona aibu yangu."

"Juu. Wewe ni mtazama ndege. Miaka mingapi?"

"Thelathini na moja."

"Basi hata ungekuwa unazama ungeangalia juu. Uliona nini juu?"

Macho yake yakaenda darini, yakabaki huko. Mkono wake wa kulia, peke yake, ukachora mstari hewani kutoka kushoto kwenda kulia.

"Tai," alisema polepole. "Mkubwa, kichwa cheupe. Alikuja chini chini kutoka mashariki, akikata mto."

"Kabla hawajaruka, au baada?"

"Kabla. Nilifikiri, angalia, tai, kisha nikawa... kisha wakaruka." Akamgeukia, mdomo wazi. "Kumbe si mimi?"

"Si wewe. Korongo elfu ishirini hawakimbii mtu anayejisaidia. Wanamkimbia tai."

Stanley Przybyl alicheka, kisha akachukua soksi yenye darubini akajifuta nayo macho.

"Utaandika neno ndoo kwenye taarifa?"

"Nitaandika 'alitoka nje.' Lakini utaisaini."

Saa tano na dakika ishirini. Kituo cha Elm Bend kilikuwa nyumba ya mbao kando ya barabara ya vumbi, na kwa nyuma ungeona kibanda chenyewe, kirefu na cheusi, kimeutazama mto. Verna Tiedtke alikuwa ndani peke yake, akibandika tepu nyekundu kwenye tochi za wageni wa jioni. Alikuwa na miaka sitini na minane, mgongo umenyooka, penseli sikioni kama enzi zile.

"Marlys, mwanangu. Kuna kahawa. Futa miguu."

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Umekuja kwa ajili ya Emil."

"Nimekuja kwa ajili ya kitabu."

Kila mtu Brenner alikijua kitabu. Vilikuwa kumi na tisa sasa, vyenye jalada la kijani, kuanzia mwaka wa sabini na tisa. Kila majira ya kuchipua Verna aliandika humo alichoona, saa kwa saa, ndege kwa ndege, kwa penseli, maana wino huganda Machi. Wataalamu wa vyuo vikuu walikuja kuvinakili. Hakuna aliyewahi kumwomba athibitishe neno.

Angeweza kusema kimepotea. Alikivuta kwenye rafu na kumpa kwa mikono miwili.

Marlys alifungua ukurasa wa Jumamosi na kusoma kwa sauti. "'Saa moja na dakika ishirini na moja. Wameruka wote kwa mara moja. Tai mmoja, kutoka mashariki.'" Akainua macho. "Sherifu ulimwambia bunduki."

"Sherifu nilimwambia."

"Na kitabu ukakiambia tai."

"Kitabu ni kitabu," Verna alisema, akakata kipande kingine cha tepu.

"Mgeni mmoja alikuwa nje. Hakusikia mlio. Alimwona tai."

"Nani alikuwa nje?" Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikata. "Nani alitoka nje ya kibanda changu korongo wakiwa mtoni?"

"Mwalimu, tusianze na hilo."

Akafunua ukurasa wa nyuma yake, Ijumaa. Akakiweka kitabu mezani, akakigeuza ili wote wawili wakione. *Saa kumi na dakika hamsini, daraja la kusini, bata sitini.* Chini yake mstari mtupu. Kisha: *Saa kumi na mbili na dakika tano, mtoni, korongo wanaanza kutua.*

Marlys alifungua nyuma, wiki moja, mwaka mmoja, miaka mitano. Kurasa zilikuwa zimejaa kutoka juu mpaka chini, mistari imeshikana kama matofali. Hapakuwa na nafasi ya kupitisha unywele.

"Ulikuwa unatunyima alama tukiruka mstari," alisema.

"Karatasi si bure."

"Ijumaa umeruka mmoja."

Tepu ilibaki hewani. Nje upepo uliupiga mlango, ukaurudia.

"Nina manyoya kutoka daraja la kusini," Marlys alisema, sauti ya kazini, bila kuipandisha. "Kip amempasua. Alikufa kwa waya, Ijumaa, kabla risasi haijamgusa. Kati ya saa kumi na moja na saa moja na nusu pikapu ya Emil ilikuwa nje ya ukumbi wa kanisa, haijafungwa, bunduki nyuma ya kiti. Aliyemlaza shambani alimkunja miguu kwanza, halafu mabawa, halafu shingo. Na alihitaji mlio wa asubuhi, maana Ijumaa jioni Emil ana mashahidi mia mbili na padri, na asubuhi hana mtu. Nimekosea wapi?"

Verna alishusha tepu. Hakuonekana mzee zaidi wala mdogo zaidi. Alionekana kama mwalimu anayesahihisha mtihani na kukuta jibu liko sawa.

"Hujakosea. Alikuwa bado na joto nilipomfikia."

"Kwa nini?"

"Unauliza kwa nini, na ile Jumatatu ya kutia sahihi ni kesho? Wakichimba changarawe bondeni, maji yatashuka na majani yatakufa. Unajua korongo watakwenda kula wapi? Mimi sijui, na nimewahesabu miaka arobaini na zaidi. Nimemwomba Emil mara ngapi? Nimempelekea keki, nimempigia magoti, Marlys, mimi! Akacheka. Halafu ninamkuta yule chini ya nyaya. Wamebaki wachache kiasi kwamba unaweza kuwapa majina. Nikasema, basi, afe kwa faida."

"Na Emil afungwe."

"Nilijua angetia sahihi. Mtu mwenye ng'ombe wanaozaa hutia sahihi. Halafu ningesema huenda nilisikia vibaya."

"Kuna mtu wa Lincoln barabarani. Yeye hana huenda."

Verna alizipanga tochi mstari mmoja.

"Ungeweza kuandika bunduki humu," Marlys alisema. "Neno moja. Nisingekuwa na lolote ila kibofu cha mtu wa Chicago."

"Humu?" Alikitazama kitabu kana kwamba amependekezewa kukitemea mate. "Na Ijumaa ningeandika nini? Kweli sikuweza. Uongo sikuweza. Nikaacha nafasi."

Marlys akatoa simu akampigia sherifu, macho hayatoki kwa mwalimu. "Mtoe Emil. Ndiyo, sasa hivi. Ndege aliuawa na waya Ijumaa, na nina mtu aliyekiri kumpiga maiti." Akasikiliza. "Kama mtu wa Lincoln amefika mpe kahawa, na lile andazi lililobaki. Mwambie Emil kalamu yake nitairudisha mwenyewe. Na barua ile aichane."

Alipokata simu, Verna alikuwa amevua penseli sikioni.

"Niruhusu."

"Ni ushahidi, Mwalimu."

"Najua ni ushahidi. Nimekufundisha mimi neno lenyewe."

Marlys aliupiga picha ukurasa wa Ijumaa mara tatu, ulivyo, pamoja na saa ya ukutani. Kisha akasogeza kitabu.

Verna aliandika taratibu, kwa herufi zile zile za ubaoni, na nafasi aliyoiacha ilitosha kabisa: *Saa kumi na moja na dakika tano, daraja la kusini, korongo mweupe, mmoja, amekufa kwa waya. Nimemchukua mimi. V. T.*

Akapuliza vumbi la penseli. Akavaa koti, akafunga vifungo vyote, akaweka funguo za kibanda mezani na karatasi ya majina ya wageni wa jioni.

"Watakuja saa kumi na moja. Kuna mtu lazima awaambie kuhusu ndoo."

"Nitawaambia."

Walipofika kwenye gari, upepo uliufunga mlango wa abiria kwa kishindo, na shamba lote ng'ambo ya barabara likainuka. Korongo walipanda kwa maelfu, shingo mbele, miguu nyuma, wakipiga kelele mpaka maneno hayasikiki, wakazunguka mara mbili na kuelekea bonde la Emil. Verna alikuwa ameshatazama saa yake. Mkono ulikwenda sikioni, ukakuta patupu, maana penseli aliiacha katikati ya kitabu, na kitabu kilikuwa kwapani mwa Marlys.

"Saa sita kasoro dakika kumi," alisema kwa nguvu ili asikike. "Elfu tatu, au elfu tatu na mia mbili. Sababu ni mlango wa gari. Andika wewe, mwanangu."

Marlys aliegemea boneti, akafungua ukurasa wa Jumapili, na kuandika saa, idadi na mlango wa gari. Hakuruka mstari.